Homa isiyokwisha kwa mwenye kasoro ya moyo: damu kwanza au dawa kwanza?

Haya yanaihusu nyumba yenye mtu aliyekwishaambiwa kuwa moyo wake una kasoro: mtoto aliyezaliwa na tundu, kijana aliyeharibiwa vali, yaani vilango vya ndani ya moyo, na homa ya baridi yabisi, mama aliyewekewa vali ya kupandikiza, au mtu aliyewahi kuugua ndani ya moyo akapona. Homa ikimshika mmoja wao, isichukuliwe kama homa ya nyumba ya jirani. Vijidudu huingia kwenye damu ya kila mtu, hata wakati wa kupiga mswaki, na kwa wengi wetu hupotea bila kujulikana. Kwa hawa vinaweza kupata pa kushika, kwenye utando unaofunika moyo kwa ndani na kwenye vali, vikaganda hapo kama chaza kwenye jiwe na kujenga vinundu. Ugonjwa huo madaktari wanauita endokadaitisi. Usipotibiwa unaua. Hata ukitibiwa hospitalini, kati ya wagonjwa 15 na 30 katika kila 100 hawatoki hai.

Njiani, tokea homa ya kwanza mpaka kupona, familia itapambana na machaguo kadhaa. Nitayaweka mawili mawili, ubavu kwa ubavu, na penye upande ulio bora nitausema.

Homa hii na homa nyengine

Zamani Unguja na Pemba homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vyengine. Sasa sivyo. Baada ya miaka ya vyandarua, kupuliza dawa majumbani na dawa mseto, maambukizi ya malaria Zanzibar yamekaa chini ya asilimia 1 kwa muda mrefu, ingawa kuna misimu yanapopanda. Kipimo kifanywe, ni cha dakika chache. Lakini kikionesha hakuna malaria, usikubali kupewa jina jengine la haraka haraka. Mara nyingi mgonjwa huambiwa "basi ni taifodi" au "ni UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kutoka na pakiti ya dawa mkononi. Taifodi ipo kweli: damu za wagonjwa wa homa zilipooteshwa Pemba, yaani kuwekwa maabara ili mdudu aliyemo akue na ajulikane, katika utafiti wa 2009 na 2010, vijidudu vya taifodi ndivyo vilivyoongoza. Tatizo ni kipimo cha Widal, ambacho hakimtafuti mdudu mwenyewe bali kinga aliyoiacha mwilini, kwa hivyo hutoa jibu la "ipo" hata kwa mtu aliyeugua miaka ya nyuma.

Malaria ikipata dawa yake ya siku 3, homa hushuka. Mafua na dengi humaliza mambo yao ndani ya wiki moja hivi. Endokadaitisi ina sura mbili. Ile ya polepole hukaa wiki au miezi: homa ya jioni isiyo kali, jasho la usiku linalolowesha shuka, chakula hakiliki, nguo zinapwaya, mgongo na viungo vinauma. Mtu bado anakwenda kazini, anasema kachoka tu. Ile ya haraka, ambayo mara nyingi huletwa na stafilokokasi wa kwenye ngozi, humlaza mtu kitandani kwa siku chache na vali inaweza kutoboka kabla hujapata nafasi ya kuuliza.

Kwangu mimi dalili yenye uzito kuliko zote ni homa inayoshuka kila mtu anapokunywa antibiotiki na kurudi siku chache baada ya dozi kwisha. Akiwa nayo mtu mwenye moyo wa kasoro, ningempeleka hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili ya tatu. Dalili nyengine ni nzito zaidi na maana yake mmechelewa: pumzi kukata akilala chali, miguu kuvimba, mkojo wenye damu, au kijana kupooza upande mmoja ghafla kwa sababu kipande cha kinundu kimekatika na kwenda kuziba mshipa wa ubongo.

Daktari atatazama pia kucha, viganja na nyayo. Anatafuta vijistari vyekundu vyeusi chini ya kucha, mithili ya kibanzi kilichochoma, na madoa mekundu yasiyouma viganjani. Kwetu hapo pana kizuizi ambacho vitabu vya kigeni havikitaji: hina na piko. Bibi harusi wa wiki iliyopita hasomeki kucha wala nyayo. Basi atazamwe ndani ya kope la chini, livutwe taratibu kwenye mwanga mzuri, kwani vidoa vidogo vya damu hutokea hapo pia. Kama hina ipo, mwambie daktari kabla hajaandika kuwa hakuona kitu.

Kuna kundi moja ambalo moyo wao ulikuwa mzima kabisa: vijana wanaojidunga heroini. Kwao maambukizi mara nyingi hushika vali ya upande wa kulia, na vipande vikikatika huenda kwenye mapafu, kwa hivyo kinachoonekana ni kikohozi na kifua kuuma, na wote wanafikiria kifua kikuu au nimonia. Familia huficha habari ya sindano kwa aibu. Daktari asipoambiwa, hana sababu ya kuufikiria moyo. Fitina za mtaa zitakwisha, kijana atibiwe kwanza.

Baridi yabisi na endokadaitisi si ugonjwa mmoja

Watu huyachanganya haya mawili, na kosa hilo linagharimu. Homa ya baridi yabisi humshika zaidi mtoto wa skuli, kati ya miaka 5 na 15, wiki 2 au 3 baada ya koo kuuma. Magoti na vifundo vya miguu huvimba, uvimbe ukahama kiungo hadi kiungo. Ndani ya vali hakuna mdudu. Ni kinga ya mwili wenyewe iliyokosea adui. Mtoto hupewa dawa ya kutuliza uvimbe na kisha sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka.

Endokadaitisi ni mdudu hai aliyekaa kwenye vali, na mara nyingi vali yenyewe ni ile iliyokwaruzwa na baridi yabisi miaka kumi nyuma. Sindano ile ya kila mwezi inazuia baridi yabisi isirudi. Haiwezi kutibu endokadaitisi, dawa yake kwenye damu ni kidogo mno. Kwa hivyo mama anayesema "mwanangu hawezi kuwa na maambukizi ya moyo, hakosi sindano yake" anastahili pongezi kwa sindano, lakini homa ya wiki mbili bado ichunguzwe.

Damu kwanza au dawa kwanza

Hapa ndipo pa kuchagua kweli, na chaguo hufanywa nyumbani au dukani, kabla daktari hajamwona mtu.

Njia ya kwanza ni famasi ya mtaani: vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, siku 5, tuone. Ni rahisi, haina nauli, haikupotezei siku ya kazi. Njia ya pili ni kwenda hospitali na kudai damu ioteshwe kabla ya antibiotiki yoyote. Ina foleni, ina gharama, na jibu halitoki siku hiyo, kwani chupa huwekwa kwenye joto kwa siku 5 hivi zikitazamwa.

Uzito wa mizani uko wapi? Dozi ndogo ya vidonge huua vijidudu vilivyomo kwenye damu, homa ikashuka, lakini haifiki ndani ya kinundu. Kinundu hakina mishipa ya damu ya kupitisha dawa. Kwa hivyo unapata hasara mara mbili: ugonjwa uko pale pale, na damu ikichukuliwa haioti kitu. Sababu inayoongoza ya kipimo cha kuotesha kutoka kitupu kwenye ugonjwa huu ni dawa iliyotangulia. Daktari akikosa jina la mdudu, atalazimika kubahatisha kwa dawa mbili tatu nzito, nyengine zenye madhara kwa figo na masikio, kwa wiki nyingi.

Nionavyo, vidonge vya panado vya kushusha homa havina ubaya. Antibiotiki isubiri chupa.

Kazi ya kuchukua damu ukiiona ikifanywa vizuri huisahau. Muuguzi anafuta ngozi kwa dawa na kuiacha ikauke yenyewe, asiipepee wala kuipuliza. Anafuta vizibo vya chupa. Anachoma, anavuta mililita 20 kwa mtu mzima, anagawa nusu kwa nusu kwenye chupa mbili, moja ya vijidudu vinavyotaka hewa na nyengine ya visivyoitaka. Kisha anarudia kwenye mkono mwengine, halafu mara ya tatu, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ipite angalau saa 1. Ndugu hulalamika kuwa mgonjwa anamalizwa damu. Zote pamoja ni mililita 60, kama robo ya kikombe cha chai, na mtoto huchukuliwa kidogo zaidi. Kwa nini mara 3? Mdudu wa kwenye ngozi anaweza kuingia chupani kwa bahati mbaya. Mdudu yule yule akiota kwenye chupa zote, si bahati tena.

Halafu kuna mazungumzo yanayokwenda hivi:

"Bi mkubwa, huyu keshakunywa dawa gani tokea homa ianze?"

"Za rangi mbili tu, mwanangu. Na zile nyeupe alizoletewa na ami yake."

"Pakiti zake unazo?"

"Nimezitupa."

"Mara ya mwisho kazinywa lini?"

"Jana magharibi."

Jibu hilo la mwisho linabadilisha mpango mzima. Kama mgonjwa hana hali mbaya, daktari anaweza kusimamisha dawa, akasubiri siku chache na kurudia kuotesha. Basi weka pakiti, hata tupu, na usione haya kusema dawa ilitoka kwa nani.

Damu kwanza ina mpaka wake. Mgonjwa aliyelegea, anayeweweseka, ambaye pumzi haimtoshi au shinikizo limeanguka, asingojeshwe. Damu ichukuliwe haraka na dawa ya mshipa ianze ndani ya saa hiyo hiyo.

Si kila kituo cha afya kinaotesha damu. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, tangu 2000, na Unguja hospitali ya Mnazi Mmoja ndiyo kubwa ya rufaa, lakini sampuli ipelekwe wapi ni daktari ndiye wa kuamua. Wewe kazi yako ni kuuliza mapema: "Kabla hamjampa dawa, damu yake itaoteshwa?"

Eko ya kifuani au ya kumeza mpira

Eko ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Ya kifuani haina maumivu: mafuta ya baridi, kidude kinapitishwa juu ya kifua, picha inaonekana. Kwa vali ya kuzaliwa nayo hukamata kinundu kwa takriban wagonjwa 7 katika 10, na kwa vali ya kupandikiza nusu tu. Eko ya pili hupitia koo: mgonjwa anakaa bila kula kwa saa 6 hivi, anapewa dawa ya kumlegeza na kumezeshwa mpira wenye kamera ya mawimbi ya sauti, unaoutazama moyo kwa nyuma. Hukamata zaidi ya 9 katika 10.

Wote waanze na ya kifuani. Mwenye vali ya kupandikiza aendelee na ya pili, hata kama ya kwanza ni safi. Mwenye vali yake mwenyewe aendelee ikiwa damu imeota mdudu au homa haielezeki. Na zote zikitoka safi huku wasiwasi ukiwa pale pale, hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7. Cheti cha "eko nzuri" cha wiki iliyopita hakimtoi mtu hatarini.

Wiki nyingi za sindano: ipi, na alale wapi

Hapa dawa hupimwa kwa wiki. Streptokokasi wa kinywani kwenye vali ya asili huchukua wiki 4. Stafilokokasi ni wiki 6. Vali ya kupandikiza haipungui wiki 6. Kuacha njiani kwa sababu homa imeshuka, nayo kwa kawaida hushuka ndani ya siku 5 hadi 10, ni kumrudisha mgonjwa mwanzo.

Kwa streptokokasi anayesikia dawa, kuna penisilini ya mshipa kila saa 4, mchana na usiku, na kuna seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku. Nguvu zao zinakaribiana. Kwa familia inayopokezana kuuguza, tofauti ni kubwa: ya kwanza inamfunga mtu wodini, ya pili inaruhusu, akishatulia, alale kwa jamaa karibu na hospitali na kwenda kuchomwa kila siku. Mtu wa Micheweni akiwa na shangazi Chake Chake, hilo ni jambo la kuzungumzwa na daktari mapema. Jentamisini huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa, na hapo figo zipimwe na mtu akisikia masikio yanavuma aseme.

Vidonge je? Utafiti wa Denmark uliotolewa 2018, wenye wagonjwa 400, ulionesha kuwa walio imara, baada ya angalau siku 10 za dawa ya mshipa, waliobadilishiwa vidonge hawakufanya vibaya kuliko waliobaki na sindano. Wengi wataishika habari hii kwa furaha. Lakini wale walichaguliwa kwa makini, walipimwa kwa eko ya kooni kabla ya kubadilishiwa, walipewa dawa mbili zilizopangwa kwa jina la mdudu wao, na walionwa kliniki mara 2 au 3 kwa wiki. Asiyejulikana mdudu wake hawezi kuipita njia hiyo. Ndiyo maana narudi kwenye chupa zile.

Kuhusu mahali: mgonjwa wa streptokokasi, vali yake mwenyewe, pumzi nzuri, anaweza kutibiwa karibu na nyumbani. Mwenye vali ya kupandikiza, mwenye stafilokokasi, mwenye moyo unaoshindwa kazi, au aliyekwishapata kiharusi, apelekwe mapema penye wapasuaji wa moyo, nayo kwa wengi wetu ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Apelekwe wakati bado anaweza kukaa kwenye boti. Kumngojesha Mkoani mpaka asiweze kulala ndipo mtafute barua ya rufaa, hilo ndilo chaguo baya kuliko yote niliyoyataja.

Ikifika kwenye kisu

Upasuaji huja kwa sababu kuu tatu: vali imeharibika mpaka moyo unashindwa kusukuma damu, maambukizi hayatulii au yamefanya jipu, au kinundu ni kikubwa, zaidi ya milimita 10, na kimeshaanza kurusha vipande. Vali ikiweza kutengenezwa, itengenezwe. Isipowezekana, mnachagua mbili.

Vali ya chuma hudumu maisha, ila inataka wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, na kipimo cha INR, kinachoonesha damu inavyoganda, mara kwa mara. Mwenye kuitumia asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha, kisamvu na matembele anachokula, kwa sababu mboga hizo zina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa. Vali ya mnyama kwa kawaida haihitaji wafarini ya maisha, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka, hivyo upasuaji wa pili ni jambo la kutarajiwa.

Kwa msichana anayetaka kuzaa mizani huelemea upande wa vali ya mnyama, maana wafarini humfikia mtoto tumboni na inaweza kumdhuru. Kwa mzee wa Wete asiye na uhakika wa kupima INR, vali ya mnyama mara nyingi ina akili zaidi. Na swali ambalo watu wetu huliuliza kwa sauti ya chini: ni mnyama gani? Nyengine ni za nguruwe, nyengine za ng'ombe. Muulize mpasuaji kabla, wala si swali la kumkera, na mwenye kutaka fatwa aende kwa shekhe wake mapema badala ya asubuhi ya upasuaji.

Aliyepona, na ambaye hajaugua

Vijidudu vingi vya polepole hutoka kinywani. Mswaki wa mti au wa dukani, vyote sawa mradi utumike kila siku. Daktari wa meno aonwe kabla jino halijaoza, na wanaotafuna tambuu waangaliwe fizi. Kuumikwa, au hijama kama wengi wasemavyo, hukata ngozi, na kwa mwenye vali ya kupandikiza mimi ningesema aache.

Antibiotiki kabla ya kung'olewa jino si ya kila mwenye tatizo la moyo. Marekani mwaka 2007 iliibakisha kwa walio hatarini zaidi: wenye vali ya kupandikiza, waliowahi kuugua endokadaitisi, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro. Uingereza mwaka 2008 ilikwenda mbali zaidi, ikaacha kuitoa kama utaratibu wa kawaida. Kwa anayestahili ni amoksilini gramu 2 mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla, na mtoto huhesabiwa miligramu 50 kwa kila kilo. Anayechomwa penisilini ya kila mwezi amwambie daktari wa meno, kwa sababu vijidudu vya kinywani mwake vinaweza kuwa vimeizoea na atahitaji dawa ya aina nyengine.